Je, “after” linabaki au linaondoka? Vitenzi vya Kiingereza vyenye kijineno katika kauli ya kutendwa

Karani wa Sakina:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninafanya kazi katika ofisi ya utalii hapa Arusha, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye barua pepe na taarifa za safari zinazoandikwa kwa Kiingereza. Juzi umezuka ubishi ambao sisi wenyewe tumeshindwa kuumaliza. Niliandika: “The guests were looked after by our cook throughout the climb.” Mwenzangu akalifuta “after”, kwa hoja kwamba haliwezi kufuatana na “by”, na kwamba kwa kuwa wageni wameshahamia mwanzo wa sentensi, hakuna kilichobaki nyuma ambacho “after” linaweza kukishika. Baadaye ikaja taarifa ya dereva: “The car was broken down near Makuyuni.” Hiyo mwenzangu akaipitisha bila kugusa herufi.

Mimi naona kinyume katika sentensi zote mbili, lakini siwezi kutoa sababu. Naomba mnieleze kanuni yenyewe, kwa maana orodha za kukariri ninazo za kutosha.

Mwalimu wa Rau, Moshi:

Ndugu Karani, umeona sawasawa katika sentensi zote mbili, ila sababu zake ni tofauti na ni vema zisichanganywe.

Tuanze na “look after”. Hiki ni kitenzi kimoja kinachoandikwa kwa maneno mawili: “look” peke yake ni kutazama, ilhali “look after” ni kutunza. Mtu anayelifuta “after” anakuwa ameondoa kitenzi cha kutunza na kuacha cha kutazama ambacho hakikamiliki. Kiingereza kinapoigeuza sentensi kuwa ya kutendwa, kinalihamisha shamirisho peke yake kwenda mwanzo, na kijineno hubaki palepale nyuma ya kitenzi. Hilo “by” linalofuata si la kitenzi, bali linamtambulisha mtenda, na ndiyo maana hakuna ubaya wowote maneno hayo mawili yakigusana. Hata yakiwa matatu, sentensi husimama: “The porters were looked down on by some of the climbers”, yaani wapagazi walidharauliwa na baadhi ya wapandaji.

Wanafunzi wangu huelewa haraka zaidi ninapowarudisha kwenye Kiswahili. Kitenzi “lala” hakina shamirisho, na hata hivyo tunasema bila shida kwamba kitanda kimelaliwa, kiti kimekaliwa, na sisi tumenyeshewa. Tunawezaje? Tunakiongeza kwanza kiambishi cha kutendea ndani ya kitenzi, ndipo tunakitia katika kutendwa. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa na kijineno kinachosimama nje: “The bed has been slept in”, “The chair has been sat on”, “We were rained on.” Kuondoa “in” katika sentensi ya kwanza ni sawa na kuking’oa kiambishi katika “kimelaliwa”. Ulinganisho huu una mipaka, kwa sababu sisi husema mtu ameangukiwa na mti, ilhali Kiingereza cha kawaida huuacha mti uwe kiima na kusema “A tree fell on him”. Lakini kwa swali lako unatosha.

Sasa gari la Makuyuni. Kosa hili lina asili yake kwetu. Dereva alifikiri “gari limeharibika”, akaona kitenzi kisicho na mtenda, akakitafsiri kwa kutendwa. Lakini “haribika” iko katika kauli ya kutendeka, na Kiingereza hakina kauli hiyo kwa umbo lake. Mara nyingi huieleza kwa kitenzi kisichoelekezi katika kauli ya kutenda. Gari likizima njiani, “break down” haina shamirisho, basi hakuna cha kuhamishia mwanzo wa sentensi. Andika “The car broke down near Makuyuni.” Kinyume chake, “The door was broken down by the police” ni sahihi kabisa, kwa sababu mlango ulikuwa na mvunjaji.

Jijini kwenu kuna mfano mzuri zaidi. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa Arusha, ilivunjika mwaka 1977. Ukiandika “The Community broke up in 1977”, unaeleza kuvunjika tu. Ukiandika “was broken up”, unamwambia msomaji kwamba yupo aliyeivunja, na sasa atakudai jina lake. Ni tofauti ileile ya “ilivunjika” na “ilivunjwa”. Lakini kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofanya kazi zake hapohapo Arusha, kutendwa kunafaa: “The tribunal was set up by the United Nations Security Council in 1994.” Aliyeiunda anajulikana, na mahakama ni shamirisho halisi la “set up”.

Dereva Mstaafu, Kijenge:

Nakubaliana na Mwalimu, na ninaongeza jambo moja la kazini kwetu. “The climb has been put off” maana yake safari ya mlimani imeahirishwa. “The climb has been called off” maana yake imefutwa kabisa. Nimeona ofisi ikituma ya pili ilhali ilikusudia ya kwanza, na mgeni akadai fedha zake zote, kwa haki kabisa. Kijineno ni kilekile, “off”, kwa hiyo anayekazia macho kijineno na kukisahau kitenzi ataingia shimoni kama yule anayekifuta.

Kuna nafuu moja ambayo watu hawaitaji. Katika kauli ya kutenda unaweza kuandika “We called off the climb” au “We called the climb off”, lakini ukitumia kiwakilishi ni lazima kikae katikati: “We called it off.” Katika kutendwa tatizo hilo linajifuta lenyewe, maana shamirisho limeshaondoka: “It was called off.” Binafsi, ninapoandika kwa haraka, huikimbilia njia hiyo.

Mhariri wa Njiro:

Naomba kutofautiana kidogo na Mwalimu. Sentensi ya dereva si lazima iwe kosa. Kiingereza kina “a broken-down car”, ambapo “broken-down” ni kivumishi kinachoeleza hali. Kwa usomaji huo, “The car was broken down” inasema tu kwamba gari lilikuwa bovu.

Hata hivyo, kipimo kipo. Taja saa ambayo tukio lilitokea: “The car broke down at three o’clock” inakubalika, lakini “The car was broken down at three o’clock” haiwezi kusimulia tukio la kuharibika saa tisa, itaeleza tu hali iliyokutwa saa hiyo. Taarifa ya safari husimulia matukio kwa mpangilio wake, kwa hiyo sahihisho la Karani linabaki palepale.

Karani wa Sakina:

Nawashukuru nyote. Mwenzangu amesoma maelezo haya na amelirudisha “after”. Lakini sasa amepata ari mpya, na ameandika “Arusha was arrived at in the evening, because the fuel was run out.” Anasema amefuata mfano wa kitanda.

Mwalimu wa Rau, Moshi:

Mfano wa kitanda haumsaidii hapo. Kutendwa kwa namna hii hupendelea kitu kinachoguswa na tendo. Kitanda kilicholaliwa kina mashuka yaliyokunjamana, lakini Arusha haibadiliki kwa sababu gari lenu limefika jioni. Ndiyo maana “A decision was arrived at” hukubalika, kwa kuwa uamuzi haukuwapo kabla ya kufikiwa, ilhali mji ulikuwapo. Kwa sababu inayokaribiana na hiyo, “take after” kwa maana ya kufanana na mzazi haigeuzwi kamwe: kufanana si tendo analofanyiwa mtu.

Kuhusu mafuta, hilo ni lile la gari lililorudi kwa sura nyingine. “Mafuta yameisha” haina mtenda, na kwa Kiingereza ni “The fuel has run out” au, mkitaka watu wawe kiima, “We have run out of fuel.” Katika taarifa hiyo ningeandika: “We ran out of fuel on the way and arrived in Arusha in the evening.” Hakuna kutendwa hata kumoja humo, na hakuhitajiki.