Pikapu ya kukaa nayo miaka 10: Hilux LN106, Land Cruiser HZJ75 au Hilux D-4D?

Viazi_Makete
Wakuu, habari zenu. Natafuta pikapu 4WD ya kutoa viazi shambani hadi barabara kubwa, kilomita 19 za utelezi, na mvua kwetu ikianza Novemba ni mpaka Aprili. Nataka gari la kukaa nalo, si la kuuza mwakani. Nimeonyeshwa matatu: Hilux LN106 ya 1994, Land Cruiser HZJ75 ya 1996 ambayo bei yake inakaribia mara mbili ya hiyo Hilux, na Hilux D-4D ya 2008, safi sana kwa macho. Mke wangu ameipenda hiyo ya 2008. Nichukue ipi?

Fundi_Mafinga
Mkuu, LN106, kama chesisi ni nzima. Injini yake ni 3L ya dizeli, cc 2,779, haina turbo wala kompyuta, fundi yeyote wa wilayani anaifungua na kuifunga. Mbele ina ekseli nzima na springi kama za nyuma. Inarusha, kiuno utakisikia, lakini makorongo haiyaogopi.
Adui yake ni joto. Rejeta ikiziba halafu ukapanda mlima na mzigo, gari linachemsha na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inapasuka. Ukishanunua tu, rejeta itolewe ikasafishwe, weka themostati mpya, mipira ya maji mipya na mkanda wa taimingi. Mkanda huo ni wa kilomita 100,000. Muuzaji akisema kaubadilisha juzi na hana risiti, wewe weka mwingine.

Dereva_Mstaafu
Nimeendesha HZJ75 kazini miaka 14, Rukwa na Katavi. Injini ni 1HZ, silinda 6, cc 4,164. Haina mbio, lakini ukiipakia tani nzima haibadilishi sauti. Hilux ukiipa mzigo huo kila siku utaichosha mapema. Ila inakunywa, mdogo wangu. Nilikuwa napata kilomita 7 kwa lita, kwenye tope 5. Pigia hesabu magunia yako kwanza.

Mama_Wawili
Mimi ninayo D-4D ya 2007. Ina nguvu, inakula kidogo, ndani umekaa vizuri. Lakini nozeli zake zinapokea dizeli kwa presha kubwa mno, na uchafu au maji kidogo tu yanaziua. Mwaka juzi niliishiwa mafuta kijijini, nikaweka ya dumu. Siku ya tatu gari likagoma kuwaka, nozeli zote 4 zikabadilishwa. Niliumia sana, hela ile ilikuwa ya ada. Kaka, wewe dizeli unanunua wapi?

Viazi_Makete
Pole sana dada. Kwetu ni madumu tu, kituo kiko kilomita 40. Basi hiyo ya 2008 naiacha, mama watoto nitamweleza.

Fundi_Mafinga
Shikamoo mzee wangu Dereva. Kuhusu mzigo umesema kweli. Mimi nilikuwa naangalia spea, za 3L ni nafuu na ziko kila duka.
Mkuu, kabla ya kutoa hata shilingi, lala chini ya gari na bisibisi. Gonga chesisi pale springi za nyuma zinaposhikia, matope yanakaa hapo na kutu inakula kutoka ndani. Kisha angalia nyuma ya matairi ya mbele. Ukiona grisi iliyolainika kama uji inachuruzika mpaka kwenye rimu, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu, zile gia za katikati ya ekseli, imeingia kwenye grisi. Hiyo inatengenezeka, punguza bei. Chesisi iliyooza usiiguse.

Viazi_Makete
Wakuu, nimetoka kuyaona. LN106 imepigwa rangi nyeusi chini, inang'aa. Nimegonga pale mliposema, bisibisi imezama mpaka kwenye mpini. Muuzaji akanyamaza. HZJ75 inavuja gurudumu la mbele kushoto, uji ule ule, lakini chesisi inalia kengele kila nilipogonga, na maji ya rejeta hayana oili. Ameshusha bei kidogo. Jumatatu narudi na fundi, tuliwashe likiwa la baridi na tulinganishe namba ya chesisi na kadi.

Dereva_Mstaafu
Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hamjafika. Shika boneti kwa mkono kwanza, ikiwa ya moto ujue limeshawashwa.