Naomba ushauri: historia ya Kibaha kabla mikorosho haijaisha

Ndugu wanachama, ninaandika historia fupi ya Kibaha, mji wetu wa mkoa wa Pwani, kwa ajili ya wanafunzi wa mtaani kwetu. Upande wa Shirika la Elimu Kibaha haunisumbui, kwa kuwa inajulikana kwamba lilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970. Nilipokwama ni maisha ya vijiji vya kabla yake, ambavyo leo vinamezwa na viwanja; kwa jirani yangu bikoni (alama za mipaka ya viwanja) zimeshachimbiwa katikati ya mikorosho, na inaniuma. Nimewahoji wazee watatu kuhusu jina la eneo la Maili Moja hapa Kibaha, kila mmoja akanipa simulizi yake.

Je, niziandike zote tatu au nichague moja? Na kumbukumbu za vijiji hivyo nizitafute ofisi gani?