Mashine gani ya kukatia majani inafaa kwenye mteremko? (Dodoma, eneo liko mlimani)

KijanaWaNtyuka:
Wakuu mbukwenyi, habari za majukumu. Naomba ushauri kabla hela ya watu haijaenda. Nasimamia eneo la hosteli huku Ntyuka, kama ekari 5 hivi, nusu tambarare na nusu inapanda mlima, na mvua zikikolea Januari majani yanafika kiunoni, wapangaji wanalia nyoka. Mpaka sasa ni vibarua na fyekeo, ila wakimaliza juu, chini kumeshaota tena na bosi kachoka kulipa. Sasa kuna mtu Dar anauza kitrekta cha kukalia cha kukatia majani, used ya Japani, visu viko tumboni, kinavutia kweli na bosi keshakipenda kwa picha. Mimi ndo roho inasita kwa sababu ya ule mlima. Kuna anayevitumia kwenye mteremko? Au tuchukue trekta dogo lenye slasha (mashine ya kufyekea) nyuma? Bajeti isizidi milioni 9.

FundiKizota:
Picha weka pembeni, pima mlima kwanza. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1 na pima maji, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, nyingine inyanyue mpaka kibofu kikae katikati, halafu pima toka hiyo ncha inayoning'inia kushuka mpaka ardhini. Ukipata sentimita 18 hapo ni nyuzi 10, 27 ni nyuzi 15, 36 ni nyuzi 20. Pima pale pabaya kuliko pote manake dereva atapinduka hapo hapo, hatapinduka kwenye wastani 😅

Vitrekta vingi vya kukalia wenyewe waliovitengeneza wanasema mwisho nyuzi 10 mpaka 15, iko kwenye kitabu chake, na hapo wanahesabu majani makavu, hakuna shimo wala kichuguu kilichojificha. Huku kwetu vichuguu ndo vimejaa.

Halafu kuna oili, hiki watu hawakisemi kabisa. Hizi injini ndogo za silinda moja nyingi hazina pampu, kuna kijiko kinazunguka chini kinachota oili na kuirusha juu. Sasa mashine ikikaa imelala upande muda mrefu oili inakimbilia pembeni, kijiko kinapiga hewa, injini inajila yenyewe na wewe huku unaona majani yanakatika tu unafurahi. Wanazileta gereji konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni) imekatika na mwenyewe anakuapia "fundi nimemwaga oili juzi tu". Kweli amemwaga, ila ilikuwa haifiki.

MzeeWaMassey:
Mnamhangaisha kijana wa watu. Ongezeni hela kidogo mtafute trekta la Massey Ferguson 135 kuukuu na slasha yake, mchezo umeisha. Vipuri vipo mpaka vijijini, fundi yeyote anaifungua huku amefumba macho. Kibaigwa huko zimelima toka sisi vijana na bado zinapumua.

MamaZabibu:
Mzee wangu shikamoo. Massey tunaiheshimu sana na hapa Hombolo inatulimia, lakini kulima tambarare na kupanda na slasha mlima wa Ntyuka ni vitu viwili. 135 ziliacha kutengenezwa miaka ya 70, nyingi zilizobaki huku hazina ile fremu ya kumkinga dereva ikipinduka wala mkanda. Sweden kule walilazimisha fremu kwa matrekta mapya tangu 1959, walikuwa wameshazika madereva wa kutosha. Na uzito wa slasha unaninginia nyuma, ukipanda mbele kunakuwa kwepesi, sukani inakuwa kama mapambo. Unaweza kuchomoa matairi ya nyuma ukayatanua, inasaidia, ila mlima haupungui.

KijanaWaNtyuka, kama mkichukua cha kukalia basi kwenye mteremko ni kupanda na kushuka moja kwa moja, kukata mkingamo hapana, na kona unageuzia kwenye tambarare. Ile ya kusukuma kwa mkono ni kinyume chake, unatembea mkingamo, kwa sababu ukiteleza huku unapanda inakurudia miguuni na ukiteleza huku unashuka unaifuata wewe. Na hizi za kisasa za kuongoza kwa fimbo mbili msiziguse kabisa, matairi ya mbele yanajizungukia kama ya toroli la supamaketi, ya nyuma yakipoteza mshiko unashuka nayo popote inapotaka.

Upande mkali mimi ningenunua mashine mbili za kubeba begani, hizi za kuchanganya petroli na oili. Oili imo ndani ya mafuta kwa hiyo ilalie upande wowote inalainika. Penye mawe weka kamba ya nailoni, penye vichaka vya migunga weka kisu cha chuma, miwani lazima, na mtu mwingine asikae ndani ya mita 15. Kajiwe kakirushwa na kile kisu hakaulizi.

MtotoWaKondoa:
Naongezea tu, huo upande mkali msiunyoe mpaka chini. Acheni kama kiganja kizima cha majani. Dodoma mvua inakuja miezi michache ila ikija inapiga kwa hasira, na udongo ukishakuwa mtupu unaondoka wote. Sisi Kondoa makorongo tunayajua, serikali ilianzisha HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, 1973 na 1979 wakahamisha mifugo yote eneo lililoharibika ndo majani yakarudi. Nyoka hosteli shughulika naye kwa kusafisha mita kadhaa kuzunguka majengo, mlima mzima hauna haja ya kung'aa.

MzeeWaMassey:
Marahaba binti. Fremu nimekuelewa. Ila Massey sijaitoa moyoni.

KijanaWaNtyuka:
Asanteni wote, mzee umenichekesha. Nimeenda na ubao na mlinzi leo asubuhi. Upande wa geti ni sentimita 12 tu, ila kule nyuma ya tanki la maji 41, mlinzi mwenyewe amekaa chini akasema hapa hata kusimama ni kazi. Nimempigia bosi, kitrekta kakubali kukiacha. Mpango sasa ni mashine moja ya kusukuma yenye tairi kubwa za nyuma kwa tambarare, na mbili za begani kwa mlima, hela inabaki. Swali, kuchanganya mafuta mnaweka kiasi gani? Muuzaji anasema "kadiria kifuniko kimoja".

FundiKizota:
Kifuniko cha nini sasa, cha soda au cha ndoo? 😂 Soma kitabu au kibandiko kwenye tanki. Ikiandikwa 25:1 ni mililita 40 za oili kwa lita 1 ya petroli, ikiandikwa 50:1 ni mililita 20. Nunua bomba la sindano duka la dawa, pimia hilo. Na iwe oili ya tu-stroki, usimimine ya gari. Changanya ya siku chache tu, usijaze dumu la lita 20 likae stoo mpaka msimu ujao.

Hiyo ya kusukuma angalia tairi zisiwe za upepo, mbigili za Ntyuka zitakumalizia viraka.

KijanaWaNtyuka:
Nimeelewa fundi. Jumatatu napita Kizota unichagulie hizo za begani.

FundiKizota:
Njoo kabla ya saa nne, baadaye naenda Mnadani.