Naomba ushauri: CTLA-4 inazama ndani ya seli kabla sijaipima

Wakuu, habari za leo. Niko Moshi, nasoma uzamili, na kazi yangu ni kupima CTLA-4, protini inayozizuia seli T (seli za kinga) zisishambulie kupita kiasi, kwenye damu. Ndiyo ile breki iliyompatia James Allison Nobel mwaka 2018. Shida yake haitulii juu ya utando: ikichomoza tu, klathrini (protini inayokunja utando kuelekea ndani) inaivuta ndani; nyingine hurudishwa juu, nyingine huishia kwenye lisosomu, kifuko cha seli kinachomeng'enya protini.

Jumanne umeme ulikatika, barafu ikayeyuka, nikakuta mirija inaelea kwenye maji ya vuguvugu. Nilipopima, mng'ao wa kingamwili yenye rangi inayoishika CTLA-4 juu ya utando ulikuwa karibu na sifuri. Je, protini haikutengenezwa, au imezama?

Nawaza kugawa sampuli: nusu niipake kingamwili yenye rangi kwa nyuzi 4, ambako usafirishaji husimama, nusu niitoboe kwa saponini nipime mpaka ndani. Lakini damu iliyobaki ni mililita 3 tu, na mama wa watu alitoka mbali kuja kuitoa. Inaniuma kumwita tena.

Wenye uzoefu, niziweke seli kwenye formaldehaidi (kemikali ya kuzigandisha zilivyo) kwanza? Au nipake kwa nyuzi 37, kingamwili iinase kila inapochungulia juu? Nitashukuru sana, Alhamisi narudi maabara.