Tupeane uzoefu: walezi, wapishi na manesi wa kambi za watoto, Arusha na Moshi

Mratibu wa Tengeru:
Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Likizo ya Juni inakaribia na mabango yameshabandikwa kuanzia Usa River hadi Boma Ng'ombe. Kambi ya michezo, kambi ya Kiingereza, kambi ya Biblia, kambi ya kompyuta. Nimesimama kuyasoma. Yanataja farasi, bwawa la kuogelea, safari ya kuona twiga. Sijaona hata moja linalosema nani atalala bweni moja na watoto, nani atawapikia, na mtoto akiamka saa nane usiku tumbo linamuuma atagonga mlango wa nani.

Nimeratibu kambi miaka mingi. Vijana waliopita mikononi mwetu wakiwa darasa la tatu leo nakutana nao sokoni Tengeru wana watoto wao, na swali lao la kwanza huwa: "Yule dada wa bweni la wadogo yuko wapi siku hizi?" Hakuna aliyewahi kuniulizia bwawa.

Basi uliyefanya kazi kambini, unayefanya, au mzazi uliyepeleka mtoto, tueleze kuhusu watu. Majina ya kambi na ya wahusika tuyaache pembeni.

Mama Wawili, Njiro:
Mwanangu wa kwanza ana pumu. Siku ya kumwandikisha, kijana wa mapokezi hakuanza na hela. Aliniuliza inhela inakaa mfuko gani wa begi, mtoto anaweza kuitumia mwenyewe au anasaidiwa, na vumbi linamsumbua kuliko baridi au baridi kuliko vumbi. Nililipa palepale.

Nesi Mstaafu, Moshi:
Marahaba mwanangu, na ahsante kwa mada. Nimestaafu uuguzi lakini likizo zikifika bado naitwa kambini, upande wa Marangu. Kazi yangu huanza kabla watoto hawajafika, kwenye fomu za afya. Nazisoma zote. Halafu siku ya kuwapokea nakaa mlangoni, kila mtoto nampa mkono, namtazama macho, kucha na anavyopumua. Wazazi wengi huandika "hana tatizo" kwa kuogopa mtoto asije akakataliwa.

Kuna binti wa miaka kumi alikuja na fomu safi kabisa, ila macho yana umanjano. Nikampigia mama yake, tukaongea taratibu, mzazi kwa mzazi. Mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Vidonge vyake vya foliki vimeachwa nyumbani kwa makusudi visije vikaonekana kwenye begi. Na ratiba yetu ilikuwa na siku ya kupanda mlima Kilimanjaro kutoka geti la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Juni, na ule ukungu wenye manyunyu mnaoujua. Kwa mwenye selimundu, baridi, uchovu na kupungukiwa maji mwilini ndivyo vinavyoamsha maumivu. Huko juu oksijeni nayo inapungua, na kumshusha mtoto aliyezidiwa ni kazi ya saa kadhaa.

Nikasema huyu hapandi. Kiongozi wa kambi angeweza kunibishia, maana safari ilishalipiwa na mtoto mwenyewe alikuwa analia anataka kwenda. Hakubisha. Alitengeneza kundi dogo la kwenda kutembelea maporomoko ya Kinukamori, akatia humo na watoto wazima waliopenda, akaenda nalo yeye mwenyewe akawaacha wasaidizi wake wapande mlima. Binti alirudi anasimulia kuliko waliofika Mandara. Vidonge vililetwa na bodaboda jioni ileile.

Kwa kiongozi wa namna hiyo nakwenda hata akiniita usiku wa manane.

Mratibu wa Tengeru:
Mama, hilo la kupanga kundi lenye wazima na wagonjwa pamoja nalichukua. Nimeona kambi nyingi mtoto asiyeweza safari anaachwa amekaa na mlinzi siku nzima.

Mpishi wa Himo:
Shikamoo nesi. Sisi wa jikoni huwa hatuulizwi, acha niseme.

Watoto sitini wapate uji saa moja asubuhi, moto lazima uwake saa kumi alfajiri. Makande yanalowekwa tangu jana yake, maana maharage yakiiva nusu, tumbo la mtoto mgeni litakulipua usiku na bweni zima halitalala. Mtoto wa mjini aliyezoea chipsi humpi loshoro siku ya kwanza. Siku ya kwanza wali na maharage, kila mtu anavijua. Vyakula vya wenyeji vinaingia taratibu.

Maji. Kambi za upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto ziwe makini sana. Maji ya kule yana floridi nyingi, ndiyo sababu mnaona wenyeji wengi wana meno ya rangi ya kahawia. Kuna kiongozi aliniambia niyachemshe tu yatafaa. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko vinapita hapo. Maji ya kunywa na ya uji tunayabeba kwa gari kutoka kwingine. Ya huko tunaogea na kufulia.

Wakiwepo watoto wa Kiislamu, hata wawili tu, mnyama anachinjwa na Mwislamu na kitimoto haiingii jikoni kwangu kabisa mpaka kambi ivunjwe. Sipiki sufuria ya pembeni. Mtoto akipewa sahani ya pembeni atajiona mgeni kwa siku zote zilizobaki.

Na yule asiyekula, kila kambi yupo. Namwita jikoni anisaidie kumenya ndizi za mtori. Akishamenya ataonja, akionja atakula.

Mzee wa Skauti, Arusha:
Nimefurahi kuona mpishi amepewa nafasi. Kwetu kwenye skauti mpishi anakula meza moja na viongozi.

Nizungumzie vikundi. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya kwanza kisiwani Brownsea kule Uingereza mwaka 1907, alikuwa na wavulana kama 20 hivi, akawagawa makundi manne, kila kundi na mkubwa wao ambaye naye ni mvulana. Mzee huyo amezikwa hapo jirani, Nyeri, Kenya, tangu mwaka 1941. Utaratibu wake ndio tunaoutumia mpaka leo na sijaona uliouzidi: mtoto mwenye miaka 13 anaangalia wadogo zake watano au sita, na mtu mzima anamwangalia yeye. Kijana aliyepewa watu wa kuwaangalia anabadilika kabla wiki haijaisha.

Lakini kwenye maji utaratibu huo hautoshi, hapo watu wazima tu. Tuliwapeleka watoto kwenye chemchemi ya Chemka, kule Hai. Maji mazuri mno, unaona mpaka chini, na hicho ndicho kinachodanganya, kina kinaonekana kifupi kuliko kilivyo. Mwalimu wa kuogelea tuliyekuwa naye, mwanamke mpole sana, alikataa hata mmoja asiguse maji mpaka kila mtoto awe na pacha wake, yaani mwenzake wa kuangaliana naye. Kipenga kikilia, kila mtu anamshika pacha wake mkono na kuuinua juu, walezi wanahesabu. Kila dakika kumi. Walimu wenzetu walianza kunung'unika kwamba watoto hawachezi. Yeye akawaambia mtoto anayezama hapigi kelele, mdomo umeshajaa maji, na akaendelea kupuliza. Alikaa ukingoni juani mchana wote, hakuingia majini hata kidogo. Namheshimu sana yule mama.

Dogo wa Kibosho:
Shikamoo mzee. Hiyo ya kushikana mikono nimeikuta hadi Marekani.

Nilienda nikiwa chuo, kwa viza ya J-1 ya walezi wa kambi, ile inayotaka uwe umefikisha miaka 18 na haizidi miezi minne. Kambi ilikuwa kando ya ziwa, jimbo la Maine. Kule likizo kubwa inaanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti, kuna watoto wanakaa kambini wiki saba bila kurudi nyumbani, kwa hiyo kazi ya mlezi wameitengenezea utaratibu kamili. Tulifika kabla ya watoto, tukafundishwa kwanza: huduma ya kwanza, namna ya kuongea na mtoto aliyekasirika, nani anaripoti nini kwa nani.

American Camp Association, chama cha kambi cha kule Marekani, wanashauri mlezi mmoja kwa watoto sita wa miaka 6 hadi 8, na mmoja kwa wanane wa miaka 9 hadi 14. Nilivyorudi nikaenda kusaidia kambi moja hapa kwetu, nikakabidhiwa watoto thelathini na filimbi. Nilimwambia mratibu siwezi, nikaeleza kwa nini. Aliniongezea dada wawili kesho yake, walikuwa walimu wa chekechea kijijini, na kusema kweli wao ndio walionifundisha kazi. Yule mmoja alikuwa anajua majina ya watoto wote kabla ya chakula cha mchana.

Dada wa Bweni:
Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, likizo nalea kambini. Nitasema mawili ambayo huwa hayasemwi kwenye vikao vya wazazi.

La kukojoa kitandani kwanza. Kwa watoto wa miaka sita, saba, ni jambo la kawaida kabisa na hutokea zaidi ugenini. Tunawaamsha wadogo wote saa sita usiku kwenda chooni, wote, hatuchagui. Asubuhi magodoro yote ya bweni yanatolewa juani, makavu na mabichi, ni ratiba ya usafi. Shuka nabadilisha mwenyewe kabla kengele haijalia. Kuna kijana wa kiume wa darasa la nne alilowesha siku zote alizokaa na hakuna mwenzake aliyejua. Siku ya kuondoka alinikumbatia akaning'ang'ania, mama yake hakuelewa kwa nini. Nilimweleza kwa simu jioni, nikamwomba asimchape.

La pili ni kulilia nyumbani. Inakuja magharibi, taa zikiwashwa. Wazazi, tafadhali msiombe kuongea na mtoto saa hizo. Akisikia sauti ya mama usiku, halali. Mimi huwapa simu asubuhi baada ya uji, wakiwa wanataka kukimbilia mpira. Usiku namkalisha karibu, namuuliza habari za mdogo wake au za mbwa wao. Simwambii "nyamaza". Anaongea mpaka anasinzia.

Baba Neema, Sakina:
Dada, Mungu akubariki. Nina swali gumu kidogo. Binti yangu ana miaka minane. Nitajuaje kwamba watu wa kambi ni salama? Nauliza kama mzazi, sina nia ya kumshutumu mtu.

Mratibu wa Tengeru:
Baba Neema, uliza bila kuogopa, na kiongozi akichukia swali hilo mchukue mwanao muondoke.

Muulize walezi wamepatikanaje. Kwangu kila mmoja analeta wadhamini wawili na nawapigia mwenyewe, na wa kulala bwenini analeta cheti cha tabia njema cha polisi. Muulize kama mtu mzima mmoja anaweza kubaki peke yake na mtoto mmoja mahali palipofungwa. Jibu liwe hapana, hata nesi, hata mchungaji, hata mimi. Muulize umri wa walezi. Kambi nyingi hutumia waliomaliza kidato cha nne, ni vijana wazuri, ila kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliye chini ya miaka 18 naye bado ni mtoto. Anasaidia, haachiwi bweni. Na mfundishe binti yako namba 116, ya simu ya mtoto, kupiga ni bure.

Mlezi wa Kiboriloni:
Naomba na sisi tusemewe. Mzazi analipa ada nzuri, mlezi anapewa nauli na fulana. Halafu Desemba inayofuata anatafutwa mwingine mpya kwa sababu yule wa mwanzo kapata kibarua. Watoto wanaanza upya na mtu wasiyemjua.

Mratibu wa Tengeru:
Umesema kweli kabisa. Nilipunguza safari moja kwenye ratiba, fedha yake nikaigawa kwa walezi na jikoni. Wengi wa mwaka jana wanarudi Juni hii, na wazazi wanauliza kwanza kama wapo ndipo wanalipa.

Binti wa Chuo:
Shikamooni. Nasoma ualimu, mwaka wa pili. Natamani kulea kambini ila sina uzoefu wowote. Naanzia wapi?

Mratibu wa Tengeru:
Marahaba binti. Anza na kozi ya huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu wanafundisha. Kama parokia yenu ina Utoto Mtakatifu, au usharika wenu una shule ya Jumapili, omba kusaidia huko ukazoee kushika kundi dogo. Sisi usaili wetu ni kushinda na watoto siku nzima, Jumamosi. Tunakupa watoto sita, mpira mmoja na kivuli cha mti, sisi tunakaa mbali tunatazama. Jioni tunawauliza watoto. Nitumie ujumbe nikuelekeze tunapokutana, na uje na viatu vya kukimbilia.