Fundi kamwaga ndoo ya maji kwenye turbo ya moto, halafu kanidai hela ya maji!

Mgogo wa Boksa (mwanzisha uzi)

Wakuu, huyu mtu mnamjua. Simtaji, na wala hakuna haja. Kama una gari ya turbo na unaishi Dodoma, ama ulishaelekezwa kwake, ama uliponea chupuchupu. Ni yule ambaye ovaroli lake halijawahi kugusana na grisi. Yule wa "bosi acha gari, kanywe soda, ukirudi mwenyewe utaipenda."

Leo kaimwagia turbo yangu maji. Ndoo nzima. Turbo ikiwa ya moto.

Nina Subaru Forester SG5, injini EJ205, boksa (silinda zimelala pande mbili) ya lita 2.0, na turbo yake, ile pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukumie injini hewa, ni ile ile TD04 iliyotoka nayo kiwandani. Hii gari naitunza, wakuu. Oili ni sintetiki 5W-40 na naimwaga kabla hazijafika kilomita 5,000. Filta ya hewa naichungulia kila wiki kwa sababu ya vumbi letu hili, maana mchanga ukipenya pale unakwenda kusaga mapanga yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Nikifika nyumbani sizimi ghafla. Naiacha silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, dakika moja mbili, oili iendelee kuzunguka, shafti ipoe. Wageni wanashuka, wananawa, wanakula, wanaaga, mimi bado nimekaa na silensa yangu.

Kilichonipeleka kwake ni kitu kidogo mno. Paipu inayopeleka oili kwenye turbo ilikuwa inatoka jasho pale kwenye bolti ya banjo. Wenye Subaru za turbo mnaijua hiyo bolti: ndani ina kichujio kidogo cha wavu, ukikisahau kinaziba, turbo inakosa oili na inakufa huku wewe unasikiliza redio. Kazi yenyewe ni kufungua, kubadilisha kichujio, kuweka washa mpya za shaba (vile vipete vya kuzibia oili), kukaza. Washa nilinunua mwenyewe, nikamkabidhi mkononi. Nimerudi nimezikuta juu ya benchi, bado ziko kwenye kikaratasi chao. Zile za zamani, zilizokwisha bapa, ndizo karudishia, halafu kapaka silikoni nyekundu mpaka imefura nje ya bolti. Kama nje imefura hivyo, ndani je? Kipande kikikatika kinasafiri na oili mpaka kwenye kitundu cha turbo, na kile kitundu ni chembamba. Kikiziba, kwaheri beringi.

Hilo ningelimeza. Wallahi ningelimeza. Lakini NDOO, wakuu!

Alikwenda kuijaribu. Kaikanyaga mpaka Msalato na kurudi, mlio wake watu wa Bahi waliusikia. Kaingia getini, kazima hapo hapo, silensa hata ya sekunde hakuna. Kafungua boneti. Bati la kuzuia joto alikuwa hajalirudisha, msaidizi wake alikuwa amelikalia anakula karanga. Upande wa ekzosi wa ile turbo ungechoma mahindi ya kijiji kizima. Nikamwona ananyanyua ndoo, nikadhani anataka kunawa.

Akamwaga.

Mvuke uliopanda pale ungeivuta treni ya zamani ya reli ya kati mpaka Tabora. Na ndani ya ule mvuke nikasikia "TAA!" Ndugu zangu, ile nyumba ya turbo ni chuma cha kusubu. Kikiwa cha moto ukakimwagia maji upande mmoja, upande huo unasinyaa ghafla na mwingine bado umetanuka, kinapasuka. Mama lishe yeyote pale Majengo analijua hilo, humkuti anamwaga maji ya baridi kwenye chungu kikavu kilichoko motoni.

Nikamuuliza kwa adabu, "Kaka, umefanya nini?" Akanijibu, naandika neno kwa neno: "Turbo gani inaogopa maji? Mbona mvua inanyesha?"

MVUA INANYESHA! Dodoma! Huku ambako mvua tunaisikia kwenye taarifa ya habari!

Na ile turbo INA maji yake tayari. Yanazunguka ndani yake, na kuna kitangi kimewekwa juu makusudi ili hata ukizima injini maji yaendelee kupanda na kushuka yenyewe kwa joto. Wajapani walishalifikiria hilo. Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo la turbo mwaka 1905, zaidi ya miaka mia dunia inahangaika kuipoza kwa akili, anakuja mtu na ndoo.

Ufa ninao. Unaanzia kwenye bolti ya chini, unapanda pembeni, ukucha unaingia. Ukiwasha inapiga mluzi "fiii", busti (ule msukumo wa hewa ya turbo) haipandi, moshi unaingia ndani ya gari. Kisha akanipigia hesabu: ufundi, silikoni, na DUMU LA MAJI SHILINGI MIA TANO. Nimedaiwa maji yaliyopasua turbo yangu!

Chuma Ihumwa

Nimewahi siti ya mbele. Tupia picha ya ndoo.

Mgogo wa Boksa

Picha ya ndoo ya nini? Nina picha ya ufa, naipandisha mtandao ukitulia.

Chuma Ihumwa

Ufa tutauona baadaye. Ndoo kwanza. Ya lita kumi au ishirini?

Mgogo wa Boksa

Ishirini. Na ilijaa.

Bluu ya Kisasa

Pole sana mkuu, huyo namjua, mimi kanimaliza kwa njia nyingine. Nina Impreza. Kaniambia anifungie ile valvu ya turbo ya kupumulia hewa nje ili nikiachia mafuta ipige "pshhh". Nikamlipa. Kweli inapiga pshhh, ila kila nikiachia mafuta moshi mweusi, na nikifika kwenye taa gari inazimika. Nikaenda kwa mwingine akanieleza kwamba kwenye hizi gari hewa inahesabiwa na sensa ikiingia, kompyuta inamwaga petroli kwa hesabu ile, halafu valvu inaitupa hewa nje. Petroli inabaki peke yake. Valvu ya kiwandani ilikuwa inairudisha ndani, na yeye kaitupa. Nimemuuliza iko wapi, kasema kampa mtoto achezee!

Mzee wa IST

Ndiyo maana mimi nina IST. Haina turbo, haina washa za shaba, haina ndoo. Naweka mafuta, nakwenda Mtumba kazini, narudi. Nyie endeleeni kupiga pshhh.

Mgogo wa Boksa

Mzee wangu, Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar, injini isiyo na turbo inapoteza nguvu hapa hapa ikiwa imesimama. Turbo inaijaza ile hewa iliyopungua. Nikipanda mlima Nyang'oro kwenda Iringa siombi ruhusa ya lori. Wewe na IST yako mnapanda mkiomba dua.

Mzee wa IST

Sawa. Leo nani karudi nyumbani na gari yake, na nani karudi na boda?

Chuma Ihumwa

Uuuwi. Mods fungeni uzi.

Kimya Kondoa

Mimi nauliza kwa kutaka kujua. Subaru za rali zilikuwa zinavuka mito kule Safari Rally Kenya, maji mpaka kwenye boneti. Mbona zile turbo hazikupasuka? Yule fundi ana hoja kidogo.

Mgogo wa Boksa

HANA HOJA. Zile zilivuka na mabati ya kinga yamefungwa. Yangu ilikuwa uchi, bati limekaliwa na mtu anakula karanga! Na mvua haiingii pale, turbo iko nyuma ya injini, chini ya boneti, ina bati lake. Kurukiwa na maji ni kitu kimoja, kumiminiwa lita ishirini kutoka juu ni kingine. Alilenga, wakuu. Alilenga kabisa, hata pembeni hazikumwagika.

Fundi Mstaafu

Vijana mnapenda kulaumu mafundi. Semeni na upande wa pili. Mnatuletea gari mmeshafunga kidude cha kupandisha busti cha bei poa, programu ya kompyuta hamjaigusa, petroli mnaweka ya kituo chochote, wakati hizo gari Wajapani walizitengenezea petroli yao ya premiamu yenye oktani kubwa. Injini inaanza kugonga, mnaongeza sauti ya redio. Kuta za pete za pistoni zinavunjika, mnasema fundi kaua. Mkanda wa taiming wa kilomita laki moja mnautembeza mpaka ukatike, mnasema fundi. Halafu kulipa mnalipa kwa mafungu.

Mgogo wa Boksa

Shikamoo mzee. Busti yangu ni ya kiwandani, mkanda nimebadilisha pamoja na pampu ya maji, na hela alishapokea. Yangu ni ndoo, mzee wangu. Ndoo.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Ya ndoo nimeielewa, hilo ni kosa kubwa. Mimi nawasema hao wengine. Usinunue turbo nzima, ile nyumba ya upande wa ekzosi inabadilishwa peke yake. Ukilazimika kuchukua ya mtumba kule Gerezani, Dar, shika shafti uitikise. Kucheza pembeni kidogo sana ni kawaida, oili ikiingia inatulia. Ikicheza mbele na nyuma, muachie mwenyewe duka. Na ile silikoni yote itolewe kabla hujawasha tena, usije ukafunga chuma kizima ukakinyima oili.

Mgogo wa Boksa

Asante sana mzee, Mungu akubariki. Siwashi tena. Lakini hebu niambie, tangu umeanza kazi umewahi kuona mtu ananyanyua ndoo?

Fundi Mstaafu

Niliwahi kuona mtu anaweka uji kwenye rejeta ili izibe. Ndoo sijawahi.

Binti Mlimwa

Kwani mafundi wa magari ndio wenye afadhali? Fundi wangu wa nguo, wa Dodoma hii hii, nimempa kitenge wiki tatu kabla ya sendofu ya mdogo wangu. Siku ya sherehe asubuhi ananipigia simu anasema cherehani imekatika mkanda. Nguo naikuta mkono mmoja umefika kwenye kiwiko, mwingine umefika kwenye kiganja. Namuuliza, anasema "dada, ndiyo fasheni ya sasa."

Chuma Ihumwa

Ulivaa?

Binti Mlimwa

Nilivaa. Nilijitanda mtandio kutwa nzima kwenye joto la Dodoma. Na picha zote nimekunja mkono.

Bluu ya Kisasa

Dada hao ni ndugu mmoja na huyu wa turbo, mama mmoja baba mmoja.

Tofali la Ipagala

Hamjakutana na mafundi ujenzi nyie. Wangu kaweka vigae vya bafuni, maji yanateremkia sebuleni badala ya kwenye shimo. Nimemwita aje aone, akasimama, akatazama maji yanakwenda kwenye kochi, akaniambia "nyumba imehama."

Mgogo wa Boksa

Wakuu pole zenu, lakini turudi kwenye turbo. Mtu kanyanyua ndoo...

Sauti ya Ntyuka

Mimi nimekwama pale pale mwanzo. Dumu la maji mia tano? Hiyo gereji iko wapi? Huku kwetu mlimani mia tano wanakucheka. Huyo fundi kakuuzia kwa bei ya undugu.

Tofali la Ipagala

Kweli kabisa. Huku mgao ukikata wenye mikokoteni wanajipangia bei wanayotaka, na dumu lenyewe limejaa nusu.

Mzee wa IST

Mimi nilichimba kisima. Maji ya chumvi, chai haifai, lakini IST inaoshwa.

Binti Mlimwa

Chumvi ya hayo maji inaua nguo, baba. Kitenge kikifuliwa mara mbili kimepauka.

Mgogo wa Boksa

Kwa hiyo hakuna anayeiona ndoo? NDOO?

Sauti ya Ntyuka

Ndoo tumeiona mkuu, tunauliza hayo maji aliyoyamwaga ovyo kayapata wapi.

Kimya Kondoa

Jamani kuna mwenye namba ya boza linalofika Nkuhungu kwa bei ya kueleweka? Tangi langu la lita 5,000 limekauka, wageni wanafika Ijumaa. Anicheki PM.

Chuma Ihumwa

Ninayo. Ila dereva wake naye ana uzi wake, ngoja nikusimulie alichonifanyia.