Studio za katuni Nairobi, acheni kusingizia bajeti kwa macho yaliyokufa

Ndugu zangu, nimechoka. Kila kazi mpya ya katuni za kompyuta kutoka studio zetu hapa Nairobi inapokosolewa kwamba wahusika wake wana macho ya maiti, jibu ni lile lile: bajeti ni ndogo na mashine hazina nguvu. Huo ni uongo. Kuyapa macho mwendo wa kawaida hakuirefushi kazi ya kompyuta ya kutoa picha. Kunamhitaji tu mhuishaji, yule msanii anayewapa wahusika mwendo, anayejua jicho linavyofanya kazi, apewe na muda wa kuketi na fremu zake, zile picha moja moja zinazounda filamu.

Jicho la mtu anayetazama huku na huku halitelezi. Huruka, likatua, likatulia kidogo, kisha likaruka tena. Katika filamu ya fremu 24 kwa sekunde, mruko mdogo huisha kwa fremu moja au mbili, na ule mkubwa kwa tatu au nne hivi. Katika tangazo moja linalorushwa siku hizi, ambalo sitalitaja, mama muuza duka anahamisha macho kutoka kwa mteja hadi kwenye rafu polepole kama gololi iliyotiwa mafuta, kwa sababu mhuishaji aliweka mkao wa mwanzo na wa mwisho, akaiachia programu ijaze katikati kwa mwendo ule laini unaoufaa mkono. Jicho huteleza linapofuata kitu kinachosogea, tuseme matatu inayopita Mtaa wa Tom Mboya. Rafu haisogei!

Kichwa cha mama huyo nacho kinageuka sawia na macho. Kwa kawaida macho hutangulia na kichwa hufuata, na wakati kichwa kingali kinageuka, macho hujizungusha upande wa pili ili yasikiache kile yalichokwisha kukilenga. Tena mtu akigeuka kwa ghafla, mara nyingi hupepesa. Akitazama chini, kope za juu hushuka pamoja na mboni. Zake zimebaki juu, weupe umetokeza, na mama aliyekusudiwa kuwa mpole anaonekana amepagawa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba fedha zilikuwapo za kuchora vinyweleo na jasho la ngozi. Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alikwisha kuonya mwaka 1970, akizungumzia roboti, kwamba kinachokaribia sana kufanana na mtu bila kufika hutisha. Ngozi hiyo ya gharama ndiyo inayoyaanika macho.

Mwelekezi mmoja aliwahi kunijibu kwamba watazamaji wetu ni watoto, hawatambui. Mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka hugeuka kutazama anakotazama mama yake! Walioidhinisha tangazo hilo, kama mnasoma, tuelezeni: mama yule alikuwa akitazama nini?